Nyumba ya Sumbawanga: kaa kwanza, pangisha baadaye. Je, hesabu inakubali?

Wadau, huku kwetu Sumbawanga mwezi wa sita na wa saba mtu anaamka na koti na kulala na koti. Leo naomba tuiache siasa kidogo tuongelee kitu ambacho vijana wengi wenye ajira hapa mjini wanakiongea kila ukikaa nao, iwe Mazwi, iwe Kizwite au Katandala. Kitu chenyewe ni hiki: "Nunua nyumba, kaa humo miaka minne mitano, ukihamishwa pangisha. Mpangaji atakulipia deni, wewe utabaki na nyumba."

Maneno matamu hayo. Mwalimu mpya anaambiwa, nesi anaambiwa, kijana wa benki anaambiwa. Wapo wanaochukua mkopo wa kwanza kabisa maishani mwao kwa sababu ya maneno haya. Ndiyo maana nasema ni jambo la kuchambua na si la kupigia makofi tu, kwa sababu mkopo wa miaka saba ukiuweka mahali pabaya unakula ujana wako wote.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Wazo lenyewe si baya. Ila jinsi linavyouzwa hapa mjini lina matundu matatu: hesabu ya kodi ya pango, karatasi za ardhi, na umbali ukishaondoka. Tuyapitie moja moja.

MJI ULIVYOBADILIKA

Kwanza lazima tukubali kwamba wanaosema mji unakua hawadanganyi. Zamani kupangiwa kazi Sumbawanga ilikuwa kama adhabu. Mtumishi akiipata barua analia, ndugu wanamfanyia maombi, wengine wanafika, wanaripoti, wanachukua hela ya kujikimu na kupotea. Sifa ya uchawi ilikuwa inatutangulia, wakati jina lenyewe kwa Kifipa linasema kinyume: "sumba wanga", yaani tupa uchawi. Mtu anayeishi na begi lililofungwa akisubiri uhamisho hanunui nyumba. Kwa hiyo kwa miaka mingi nyumba za mji huu zilijengwa na wenyeji, wafanyabiashara, na wakulima wa vijijini waliouza mahindi yao vizuri.

Kilichobadilisha mambo ni barabara. Februari 2008 Tanzania na Marekani zilisaini mkataba wa Millennium Challenge wa dola milioni 698, na ndani yake ilikuwemo lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita kama 223. Kabla ya hapo, kwenda Mbeya ilikuwa safari ya siku nzima, na masika ilikuwa ni bahati yako na dereva. Ikaja pia lami ya kwenda Matai na bandari ya Kasanga, na ya kwenda upande wa Mpanda. Mwaka 2012 mkoa ukagawanywa, Katavi ikaondoka, lakini Sumbawanga ikabaki makao makuu ya Rukwa.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Rukwa na watu 1,004,539. Sensa ya 2022 ikakuta 1,540,519. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu kwa miaka kumi, na Manispaa peke yake imevuka laki 3. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, nacho kimefungua kampasi huku. Wanafunzi wanataka vyumba, watumishi wanataka nyumba yenye choo ndani na maji, na wafanyabiashara wa nafaka wanataka mahali pa kufikia msimu ukifika.

Kwa hiyo uhitaji upo. Swali ni kama uhitaji huo unalipa vya kutosha kubeba mkopo.

NANI ANAPANGA, NA ANALIPA LINI?

Hapa ndipo wengi hawaangalii. Mji huu unaishi kwa mahindi. Hata kama wewe ni mwalimu na hujawahi kushika jembe, mpangaji wako anaweza kuwa fundi anayejengea wakulima, mama mwenye duka linalouzia wakulima, au bodaboda anayebeba wakulima. Mahindi yakiwa na bei, kodi inalipwa ya miezi sita bila kelele. Yakikosa bei, utapigiwa simu ya "mwenye nyumba naomba univumilie."

Mnakumbuka 2017? Serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi katikati ya mwaka, mavuno yalikuwa mazuri, na NFRA haikuwa na uwezo wa kununua kila gunia. Huku Ufipa bei ilianguka vibaya, magunia yakalala ndani. Waliokuwa wamefikisha nyumba kwenye lenta waliziacha, na nyingine zilikaa hivyo misimu kadhaa majani yakiota ndani. Na mtu aliyekuwa anategemea kodi ya mpangaji mwenye biashara ndogo alionja vilevile.

Mpangaji mtumishi ni bora kwa maana mshahara wake hautegemei mvua. Lakini naye huhama, na siku hizi naye anaambiwa ajenge kwake. Mwanafunzi analipa, ila wakati wa likizo anaondoka, na wengi wanakaa wawili watatu chumba kimoja. Maana yake ni kwamba soko kubwa la hapa ni chumba, au chumba na sebule. Nyumba nzima ya vyumba vitatu yenye fensi na tailizi ina wateja wachache, na hao wachache wanachagua.

Hili shikeni vizuri, maana nyumba ambayo kijana anaitamani kukaa siyo nyumba ambayo mji unaitamani kupanga.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu. Namba hizi ni za mfano wangu tu, weka za mtaa wako uone.

Tuseme umenunua nyumba iliyokamilika kwa milioni 35. Umekaa, umehamishwa, umeipangisha kwa 150,000 kwa mwezi. Haraka haraka unasema milioni 1.8 kwa mwaka. Subiri. Weka mwezi mmoja nyumba iko tupu mpangaji akibadilika: inabaki 1,650,000. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, toa 165,000. Kodi ya majengo, toa 18,000. Rangi, bati linalovuja, koki na kitasa, weka 200,000. Unabaki na 1,267,000. Ukigawa kwa milioni 35 unapata asilimia 3.6 hivi. Itakuchukua miaka kama 28 kurudisha fedha yako.

Sasa rudi kwenye mkopo. Riba za mikopo ya nyumba Tanzania kwa miaka mingi zimecheza kati ya asilimia 13 na 19. Chukua 16. Riba ya mwaka wa kwanza kwenye milioni 35 ni milioni 5.6. Kodi yako ya 1,267,000 haifikii hata robo ya riba, achilia mbali deni lenyewe. Sasa yule aliyekwambia "mpangaji atakulipia deni" alipiga hesabu gani?

Na linganisha na kitu kingine. Aprili 2022 Benki Kuu ilipunguza riba za hatifungani za serikali, na hata baada ya kupunguza, ya miaka 25 ilikuwa asilimia 12.56. Hatifungani haina bati la kuvuja. Sisemi kila mtu akanunue hatifungani, maana hatifungani huwezi kulala ndani yake na baridi hii ya Sumbawanga. Nasema tu nyumba iliyokamilika, kwa kodi za hapa, hailipi kama biashara. Inalipa kama makazi, na kama ardhi itakayopanda thamani. Anayekuuzia kama mashine ya kutoa pesa, muulize maswali.

MKOPO GANI HUO?

Wengine watasema, mbona Kenya na Ulaya watu wananunua kwa mkopo wa nyumba wa miaka ishirini? Ni kweli, na hata kwetu sheria zipo. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba na ile ya umiliki wa sehemu ya jengo. Mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni ya kuzikopesha benki ili nazo zikopeshe watu kwa muda mrefu. Lakini taarifa za Benki Kuu zenyewe zinaonesha mikopo ya nyumba nchi nzima ni ya kuhesabu kwa maelfu machache, na deni lote halifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Na nyingi ziko Dar. Huku kwetu benki inataka hati, na nyumba nyingi hazina hati. Mlango unafungwa hapohapo.

Kwa hiyo kijana wa Sumbawanga anachukua mkopo wa mshahara. Tuone huo nao. Tuseme mshahara ni 800,000. Mfuko wa pensheni asilimia 5 ni 40,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 24,000. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, tangu sheria ilipobadilishwa 2016, inakata asilimia 15, hapo ni 120,000. Kodi ya mshahara kama 68,000. Umebaki na 548,000, bado chama cha wafanyakazi. Na utaratibu ni kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki mkononi, yaani kama 267,000. Kinachoweza kukatwa ni 281,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 16 na miaka saba, hiyo inakupa mkopo wa kama milioni 14.

Milioni 14 wadau, siyo 35. Hapo ndipo watu wanaanza kuongeza mkopo wa mtaani, kuweka kadi ya benki rehani, kumkopa mkwe. Hapo ndipo pa kusimama.

NYUMBA YA UANI KWANZA

Sasa nisionekane nabomoa tu. Kuna njia ambayo wazee wa mji huu wameitumia siku zote, na hawajaipa jina la kizungu. Ukipita Majengo na Chanji utaona viwanja vingi vina nyumba mbili: kubwa mbele, na banda refu uani. Ukiuliza utaambiwa banda ndilo lilijengwa kwanza. Mwenye nyumba alikaa humo na familia, akapangisha upande mmoja, akajenga kubwa taratibu. Kubwa ilipoisha akahamia, banda lote likawa la wapangaji.

Wafipa wanalielewa hili hata shambani. Kilimo chetu cha asili cha matuta, nyasi zinafukiwa chini ya tuta, yanapandwa maharage kwanza, msimu unaofuata tuta linasambazwa kwa ulezi. Kila msimu unaandaa unaofuata. Hakuna aliyesubiri mbolea ya ulezi ije kwa mkopo.

Piga hesabu ya banda. Tuseme kiwanja milioni 4, na banda la tofali za kuchoma lenye sehemu mbili za chumba na sebule milioni 9. Jumla 13, mkopo wa milioni 14 unatosha na chenji ya kuvuta umeme. Unakaa upande mmoja, ule mwingine unaupangisha 50,000. Kwa miaka saba umeokoa kodi ambayo ungelipa kwa mtu, 50,000 mara miezi 84, ni milioni 4.2. Mpangaji wako, ukitoa mwezi mmoja mtupu kila mwaka, amekuletea 3,850,000. Jumla kama milioni 8 kabla ya kodi za serikali na matengenezo. Wewe umelipa benki milioni 23.6. Kwa maneno mengine mpangaji na kule kukaa kwako mwenyewe vimebeba kama theluthi ya mzigo, theluthi mbili umebeba wewe kwa jasho la mshahara.

Ni hesabu isiyo na uchawi ndani yake. Lakini mwaka wa nane huna deni, una sehemu mbili za kupangisha, na mbele ya kiwanja kuna nafasi. Ukihamishwa mwaka huo, 100,000 ya kila mwezi ni yako. Hapo ndipo "kaa kwanza, pangisha baadaye" inaanza kuwa na maana: miaka ya kukaa ndiyo miaka ya kumaliza deni. Anayehamishwa mwaka wa pili deni likiwa bichi, huyo yuko pabaya.

KARATASI

Tundu la pili. Mji unapanuka kuelekea Pito, Ntendo, Kasense, Senga, na huko mashamba ya jana ndiyo viwanja vya leo. Muuzaji anakuonesha mahindi yanapoishia, mnakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mnaandikishiana, unaondoka na karatasi yenye muhuri. Karatasi hiyo inaonesha kwamba mliuziana. Haikufanyi uwe mmiliki mwenye hati.

Tangu 1999 tuna sheria mbili, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Ardhi ya kijiji inagawiwa na halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Ardhi ya mji iliyopimwa ina namba ya kiwanja, ina ramani, ina hati ya miaka 33, 66 au 99. Ukinunua shamba pembeni ya mji ukadhani umenunua kiwanja, siku wapimaji wakifika unaweza kukuta sebule yako iko barabarani. Na ile asilimia 10 ya mauzo inayodaiwa na baadhi ya viongozi wa mitaa haimo kwenye sheria ya ardhi.

Kuna ule mpango wa urasimishaji makazi pia. Watu walichangishana, makampuni binafsi yakapima, sehemu nyingine kazi ikaisha vizuri na sehemu nyingine nchini watu wakabaki na risiti tu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hapa pamesharasimishwa," omba namba ya kiwanja, usitosheke na kigingi cha zege.

Mambo ya kufanya kabla hujatoa hata senti:

Moja, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo ile habari ya kusafiri hadi Mbeya kufuata faili imekwisha. Uliza kama kiwanja kina mmiliki gani, kina rehani, kina zuio, kinadaiwa kodi ya ardhi.

Mbili, uliza habari za mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya ndoa: haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Mzee akikwambia "mama yenu hana neno," mwambie basi mama aje aseme mwenyewe na aweke saini.

Tatu, uliza habari za ukoo. Huku kwetu ardhi nyingi ni ya urithi, na ndugu sita wanaweza kuwa na haki palepale anapokuuzia mmoja. Muhtasari wa kikao cha ukoo na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni vitu vya lazima. Kesi za namna hii zikienda baraza la ardhi zinakaa miaka.

Nne, weka bajeti ya gharama za uhamisho: tathmini, ushuru wa stempu asilimia 1, ada za usajili, na kodi ya faida ya mauzo ambayo kisheria ni ya muuzaji lakini mara nyingi inamwangukia mnunuzi. Wengi wanamaliza hela kwenye bei, wanaacha uhamisho "tutafanya baadaye", muuzaji anafariki, na hapo unaanza upya na watoto wake.

UKISHAONDOKA

Tundu la tatu ni umbali. Umehamishiwa Dodoma au Mtwara, nyumba iko Sumbawanga. Nani anakusanya kodi? Ukimpa ndugu, kodi inageuka ada ya mtoto wa ndugu, na huwezi kusema kitu maana ni shangazi. Ukimpa dalali, anapenda wapangaji wabadilike kwa sababu kila mpya anampa kodi ya mwezi mmoja. Ukimwachia mpangaji mwenyewe, utaletewa picha za matengenezo kila mwezi wa kodi.

Dawa yake ni mkataba wa maandishi, hata wa kurasa mbili: kiasi, tarehe, nani anatengeneza nini, notisi ya muda gani. Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, yenye mabaraza yake. Ilifutwa 2005. Tangu hapo mkataba wenu ndio ngome yenu, kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji. Kila mtu anadai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu hakuna kinachomzuia.

Halafu serikali nayo inataka chake. Mwaka 2023 ulizuka mjadala mkubwa pale TRA ilipokumbusha kwamba mpangaji ndiye anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi na kuipeleka. Mpangaji amkate mwenye nyumba wake! Tulicheka sana vijiweni, lakini sheria ni sheria, na mwenye nyumba aliye mbali bila rekodi ndiye anayeumbuka siku ya kukaguliwa. Kodi ya majengo nayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayenunua umeme ndiye anakatwa, kumbe kodi ni ya mwenye jengo. Andikeni kwenye mkataba mtarejesheana vipi, msije mkagombana kwa 18,000 ya mwaka.

Na kama mwisho wa siku utaamua kuuza badala ya kupangisha, ile miaka ya kukaa inaweza kukusaidia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 iliweka msamaha kwa mtu anayeuza nyumba aliyoimiliki na kuishi miaka 3 au zaidi, faida ikiwa haizidi milioni 15. Kaulize TRA kabla ya kusaini, na utunze risiti za ujenzi.

WALIOFAIDI WALIFAIDI VIPI?

Kuna watu tunawaona wana nyumba nzuri za kupangisha mijini na tunadhani walikuwa wajanja kutuzidi. Wengine ndiyo. Lakini tukumbuke historia. Mwaka 2002, awamu ya tatu, serikali iliamua kuwauzia watumishi nyumba za serikali walizokuwa wanakaa, chini ya Wizara ya Ujenzi ya wakati huo ikiongozwa na John Magufuli. Maelfu ya nyumba ziliuzwa nchi nzima, kwa bei na masharti ambayo kijana wa leo hawezi kuyapata popote. Hao walikaa kwanza, na wengine wakapangisha baadaye. Kilichowabeba ni kwamba walikuwa ndani ya nyumba siku uamuzi unatolewa. Mwalimu aliyeajiriwa baada ya hapo alikuta hakuna nyumba ya kuuziwa wala ya kukaa.

Shirika la Nyumba la Taifa nalo, lililoanzishwa 1962 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, lilipojaribu nyumba za gharama nafuu mikoani miaka ya 2010 lililalamikiwa kwamba bei bado ziko juu. Lenyewe likasema linanunua ardhi, linavuta maji na umeme kwa gharama zake, na juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo mzigo ukarudi kwa mnunuzi.

Ndiyo maana nasema hili ni suala la sera na si la ujanja wa mtu mmoja mmoja. Halmashauri ikipima viwanja kabla watu hawajajenga, ikatoa hati haraka, kijana wa Kizwite ataingia benki na kitu mkononi badala ya kukopea mshahara. Bunge likitupa sheria fupi ya mpangaji na mwenye nyumba, hatutahitaji kudai mwaka mzima mkononi kwa kuogopana. Mbunge akija kuomba kura akiongelea uwanja wa ndege na lami, muulizeni na hati.

Kwa sasa, ndugu yangu unayetaka kusaini mkopo wiki hii, jiulize maswali matatu. Nikihamishwa mwaka wa pili naweza kulipa deni hili bila mpangaji kabisa? Nyumba hii ina upande ambao mtu wa kawaida wa Sumbawanga anaweza kuupanga? Na jina langu litaandikwa kwenye hati, au litabaki kwenye karatasi ya mwenyekiti? Ukijibu ndiyo, ndiyo, na hati, basi nenda kajenge, baridi haina mwenyewe. Jibu moja likiwa hapana, endelea kupanga kwa watu mpaka ulirekebishe.

Mliojenga huku kwetu, na mliopangisha mkiwa mbali, mwageni uzoefu hapo chini, hasa namba za mtaa wenu. Nawasilisha.